Mazungumzo ya ukocha yanatofautianaje na maongezi ya kila siku kazini?

SWALI: Ninaongoza timu ya maafisa mikopo saba katika taasisi ndogo ya fedha hapa Mwanza, na nina miezi minne tu kwenye nafasi hii. Idara ya rasilimali watu imetuagiza kila kiongozi afanye mazungumzo ya ukocha na kila mfanyakazi wake mara moja kwa mwezi. Nilidhani jambo hilo nalifanya kila siku: nakaa nao, nawasikiliza, nawashauri, mlango wangu uko wazi. Lakini matatizo yale yale yananirudia kila wiki, kutoka kwa watu wale wale. Mazungumzo ya ukocha yana tofauti gani na maongezi ya kawaida? Na nitafanyaje na afisa mmoja aliyenizidi miaka kumi na tano, ambaye kila asubuhi namwamkia shikamoo?

JIBU: Dada, nusu ya jibu umeshaiandika mwenyewe uliposema matatizo yale yale yanakurudia. Yanarudi kwa sababu kila yanapofika mlangoni kwako yanaondoka na jibu lako. Afisa hakuondoka na njia yake ya kufikiri, kaondoka na yako, na yako inafaa kwa siku ile tu. Hali ikibadilika kidogo, analazimika kurudi kuchota tena.

Kipimo chepesi cha kujua mlikuwa mnafanya nini ni hiki: mkishaachana, nani amebeba mzigo? Mfanyakazi akitoka ofisini kwako amepumua, na wewe umebaki na simu mbili za kupiga kwa niaba yake, hayo yalikuwa maongezi mema kati ya watu wanaopendana kazini. Ukocha haukuwepo.

Neno lenyewe linatuchanganya. Kwetu kocha ni wa mpira: anasimama kando ya uwanja, anapaza sauti, anamwambia beki arudi nyuma. Kwa hiyo kiongozi akiambiwa awe kocha wa timu yake, huongeza maelekezo. Asili ya ukocha wa kazini kweli ni michezoni, lakini ilianzia kwa mtu aliyepunguza maelekezo. Mmarekani Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi, aliona kwamba mchezaji anayeelezwa namna ya kushika raketi, kukunja goti na kuzungusha bega, vyote kwa pamoja, hukakamaa na kukosea zaidi. Akawa anawaomba wachezaji waangalie mpira tu na kutamka kwa sauti unapodunda na unapopigwa. Wengi walirekebisha mkono bila kuelezwa chochote kuhusu mkono. Aliyaandika hayo mwaka 1974. Baadaye Mwingereza John Whitmore, aliyewahi kuwa dereva wa mbio za magari, aliyaingiza maofisini, na kitabu chake cha mwaka 1992 ndicho kilichoeneza ule mpangilio wa hatua nne unaofundishwa karibu kila mahali: lengo, hali ilivyo, njia zilizopo, na nia ya kutenda. Wazo la Gallwey ndilo lililobaki kuwa kiini: mtu akiona vizuri kinachotokea mbele yake, sehemu kubwa ya urekebishaji anaifanya mwenyewe. Kazi yako ni kumsaidia aone.

Sasa tuangalie maongezi ya kawaida, maana bila kuyaelewa huwezi kuona unachotakiwa kuacha. Afisa anaingia anasema kuhusu kikundi chake cha wakopaji, "Kikundi cha Igoma kimenisumbua tena." Unamjibu: "Pole jamani. Hata mimi nilipokuwa na vikundi vya kule walinitesa. Si ungeongea kwanza na mwenyekiti wao? Haya, ngoja nimpigie mimi." Kwa pumzi moja umefanya mambo manne: umempa pole, umemlipa kisa kwa kisa, umemshauri, na umeichukua kazi yake. Hakuna baya hata moja hapo. Maongezi yetu ni ya kulipana: ukinipa habari nakupa habari, ukinipa uchungu nakupa pole na wangu pia, ili usijione uko peke yako. Anayekaa kimya bila kulipa huonekana ana majivuno. Mtu aliyefiwa au anayeuguliwa anahitaji hayo hayo, na kumuuliza lengo lake ni nini ni kumkosea adabu.

Mazungumzo ya ukocha yanasimamisha kulipana huko kwa muda mlioafikiana. Kwa dakika arobaini, habari ni za mmoja tu. Visa vyako vinabaki mfukoni, hata kama kile cha mwaka juzi kinafanana kabisa na hiki. Hapo ndipo viongozi wapya huteleza zaidi, kwa sababu "hata mimi" inatoka kwa upendo. Lakini ukishaitamka, mwenzako anaacha kuwaza habari yake na kuanza kusikiliza yako, na kwa heshima ya cheo hatakukatiza.

Kwa kuwa unasimamisha desturi ambayo kila mtu anaitegemea, lazima mwenzako ajue. Ukimgeuzia maswali mfululizo bila kumwarifu, atadhani anahojiwa, na mtu anayehojiwa kazini hujilinda. Basi salimianeni kama kawaida, muulizane ya nyumbani, salamu hazipungui. Kisha uweke mpaka kwa maneno ya wazi: "Dakika arobaini hizi ni zako. Nitakuuliza zaidi kuliko kukushauri, kwa sababu kikundi hiki unakijua kuliko mimi. Ukihitaji maoni yangu, niombe, nitakupa." Mara ya kwanza mweleze pia habari ya siri. Atakayoyasema kuhusu hofu zake au udhaifu wake hayaendi kwenye fomu ya tathmini na hayamfikii meneja wa tawi. Lakini wewe ni msimamizi wake, kwa hiyo jambo linalogusa fedha za wateja, wizi au usalama wa mtu huwezi kulificha. Mwambie hivyo kabla hajafungua mdomo. Ukimwambia baada ya kusikia, umemtega.

Halafu lengo. Hapa wengi huridhika haraka mno. Ukiuliza "Ungependa tuzungumze nini?", atakujibu "Igoma". Hiyo ni mada. Lengo ni kile anachotaka kiwe kimebadilika mtakapoinuka. Ongeza swali moja: "Tukishamaliza kuongelea Igoma, ungependa uondoke na nini?" Majibu hutofautiana sana. Mmoja anataka kujua afanye nini Jumanne ijayo. Mwingine anataka kuamua kama aombe kikundi kihamishiwe kwa afisa mwingine. Wa tatu, ukimpa muda, atasema amechoka na hajui kama kazi hii inamfaa tena. Usipouliza, unaweza kutumia dakika thelathini kutafuta namna ya kukusanya marejesho na mtu ambaye hilo halikuwa shida yake. Dakika tano hadi saba kwenye lengo hazipotei.

Kiini cha yote ni maswali, na hapa miongozo iliyotafsiriwa haitusaidii vya kutosha, kwa sababu kila lugha ina mitego yake. Kiswahili kina ya kwake.

Wa kwanza ni "mbona". "Mbona hukwenda Jumanne?" ina umbo la swali, lakini sikioni ni lawama, jibu lake ni kujitetea. "Kwa nini" ni laini kidogo, ila ikitoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo inasikika vilevile. Mtoto wa Kiswahili aliulizwa "kwa nini" alipokuwa amevunja kikombe, na mwili unakumbuka. Badala yake tumia kiambishi tulichopewa bure, yaani "-je": ulimwambiaje, walijibuje, ilikwendaje, unaionaje. "Kwa nini hawakulipa?" inaleta visingizio. "Ilikwendaje tangu ulipofika?" inaleta habari. Ukihitaji sababu kweli, uliza "Ni nini kilikufanya uamue hivyo?", swali linalodhani kwamba aliamua kwa akili.

Mtego wa pili ni ushauri uliovaa kanzu ya swali: "Si ungempigia mwenyekiti?" "Huoni ingefaa uende asubuhi?" "Kwani haiwezekani kuwafuata nyumbani?" Haya yote yana jibu ndani yake, na mfanyakazi analisikia. Atasema "kweli kabisa, bosi" na mazungumzo yamekufa. Jipime kabla ya kutamka: je, kuna jibu ninalolisubiri? Kama lipo, hilo si swali. Una chaguo mbili za uaminifu. Ama ulimeze, ama ulitoe kama maoni, uchi: "Nina wazo moja, ungependa kulisikia?" Kisha, baada ya kulisema, "Katika hilo, lipi linakufaa na lipi halikufai?" Wazo lililotolewa wazi mtu anaweza kulikataa. Lililofichwa ndani ya swali anashindwa hata kulishika.

Wa tatu ni kurundika. "Ilikwendaje, na mwenyekiti alisemaje, na ulimweleza kuhusu faini?" Atajibu la mwisho, lililo jepesi kuliko yote. Swali moja, kisha nyamaza.

Kunyamaza ndiko kugumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha lugha kumi za mabara mbalimbali, ukakuta kwamba kati ya swali na jibu watu hupisha wastani wa karibu sehemu ya tano ya sekunde tu. Kwa hiyo ukimya wa sekunde mbili unahisiwa kama ajali, na mkono wako utataka kuuziba. Darasani, mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi walisubiri sekunde moja hivi baada ya kuuliza, na walipojizoesha kusubiri tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka na yakawa na hoja. Kazini hesabu moyoni hadi tano. Tazama daftari lako au meza, si macho yake, hasa kama ni mkubwa wako kwa umri. Kumkodolea mtu macho ukingoja jibu ni kumbana. Akisema kidogo akasita, tumia neno letu zuri: "Enhe." Linamwambia uko naye na halimwelekezi popote. "Sawa" ni tofauti kabisa, inafunga mlango. Ukisikia unasema "sawa, sawa, sawa" kila baada ya sentensi yake, jua unamharakisha.

Yasikilize pia maumbo ya vitenzi vyake. Kiswahili kinaturuhusu kutaja tukio bila kumtaja mtendaji: imechelewa, haikuwezekana, imeshindikana, simu haikupatikana. Ni lugha ya staha na inasaidia watu wasivunjiane heshima, lakini mtu anayeeleza wiki nzima kwa "imeshindikana" amejitoa kwenye habari yake mwenyewe. Usimshtaki kwa kuuliza "nani alishindwa?" Muulize: "Katika hayo yote, sehemu ipi iko mikononi mwako?" Vilevile "tutafuatilia", ile "tu-" ambayo ndani yake hakuna mtu. Muulize: "Katika huko kufuatilia, wewe utafanya lipi?"

Na kuna badiliko moja la kisarufi linalostahili sikio lako lote. Watu wakiwaza njia, husema kwa "-nge-": ningeweza kwenda mapema, ningewatembelea wale wanne. Wakiamua, husema kwa "-ta-": nitakwenda. Mazungumzo mengi huisha bado yako kwenye "-nge-", kila mtu ameridhika, na hakuna kinachofanyika. Usimsukume avuke kabla ya wakati, lakini usimwache abaki huko mnapoinuka.

Hebu tuone kwa mfano namna mambo haya yanavyokaa pamoja, kwa kikundi kile kile cha Igoma.

Msimamizi: Ungependa tuzitumie kwa lipi dakika hizi?
Afisa: Igoma. Wiki ya tatu hii marejesho hayajakamilika.
Msimamizi: Enhe.
Afisa: Yaani siku wanaijua, lakini ikifika Jumanne, nusu hawaonekani.
Msimamizi: Tukimaliza hapa, ungependa uondoke na nini kuhusu Igoma?
Afisa: Nijue nifanye nini Jumanne hii.
Msimamizi: Haya. Jumanne iliyopita ilikwendaje, tangu ulipofika?
Afisa: Nilifika saa nne. Walikuwepo kumi na mmoja kati ya ishirini. Mwenyekiti akasema wengine wako sokoni. Nikapokea za waliokuwepo, nikaondoka.
Msimamizi: Hao tisa huwa ni wale wale kila wiki?
Afisa: (kimya) Sijaangalia. Nadhani wanne ni wale wale. Wengine hubadilikabadilika.
Msimamizi: Hilo linakuonyesha nini?
Afisa: (kimya) Kwamba labda shida si kikundi. Ni watu wanne. Na hawa wengine... saa nne ndiyo saa ya soko.

Msimamizi hajasema lolote kuhusu saa wala kuhusu wale wanne. Swali la "wale wale?" ni la ndiyo au hapana, na vitabu vingi hulikataza, lakini hapa lina haki ya kuwepo: aliyeuliza halijui jibu, na linamrudisha afisa kwenye daftari la marejesho, kwenye mpira unavyodunda. Kosa ambalo lingefanyika kirahisi ni kurukia soko mara ya kwanza lilipotajwa. "Si ubadilishe muda?" Lingekuwa jibu sahihi, na wale wanne wasingeonekana kamwe.

Kutoka hapo mnaingia kwenye njia. Usikubali njia moja. Ya kwanza mara nyingi ni ile aliyokwisha kuijaribu. Ya pili ni ile anayodhani wewe unaitaka. Endelea kuuliza "Na nyingine?" mpaka zifike tatu angalau, na uziandike zote kwenye karatasi moja iliyo kati yenu bila kuzihukumu. Akikwama kabisa, mbadilishie pembe: "Ungekuwa ndiye mwenyekiti wa kikundi, ungetaka afisa afanye nini?" Afisa wetu anaweza kufikia kuhamisha mkutano uwe saa moja na nusu kabla soko halijachangamka, kuwatembelea wale wanne mmoja mmoja, au kukaa na mwenyekiti na orodha ya wiki sita. Achague yeye.

Kisha ahadi, ambako mazungumzo mengi mazuri humwagika. "Nitajitahidi" haina siku. "Nitaongea nao" haina hesabu. Tafuta vitu vitano: atafanya nini hasa, siku gani na saa ngapi, nani lazima ajue, nini kinaweza kumkwamisha, na wewe utajuaje kwamba kimefanyika. Swali la kinachoweza kumkwamisha usiliruke hata kama muda umebana. Ndilo linalofichua kwamba pikipiki iko gereji au kwamba mmoja wa wale wanne ni shemeji yake. Muulize pia, kati ya 1 na 10, ana uhakika kiasi gani kwamba atalifanya. Akisema 6, usimhimize. Uliza ni nini kingeifikisha 8. Mara nyingi jibu ni kupunguza: watembelewe wawili wiki hii, wawili wiki ijayo.

"Inshallah" au "Mungu akipenda" si ukwepaji, na tafadhali usiitendee hivyo. Mwenye imani anasema ukweli kuhusu kesho. Mwitikie, kisha uliza sehemu yake: "Inshallah. Na wewe kwa upande wako, Jumatatu utaanza na lipi?"

Mwisho aseme yeye mlichokubaliana, kwa maneno yake, na akiandike yeye. Ukifupisha wewe, umeichukua tena. Daftari lako liwe na mistari michache tu: lengo, ahadi, siku, na neno moja au mawili aliyoyatumia yeye ambayo ungependa kuyarudia mkikutana.

Kuhusu muda, kwa watu saba na dakika 40 kila mmoja, ni dakika 280 kwa mwezi, yaani saa 4 na dakika 40. Ongeza ufuatiliaji wa dakika 15 kwa kila mtu baada ya siku saba hadi kumi na nne, ambao ni dakika 105. Jumla saa 6 na dakika 25. Zipange mwanzoni mwa mwezi, wala si wiki ya kufunga hesabu. Ufuatiliaji ni lazima kuliko kikao chenyewe: mkikosa kuurudia mara mbili mfululizo, watu watajifunza kwamba ahadi za chumba kile hazina uzito. Katika ufuatiliaji anza na "Umejifunza nini tangu tulipokutana?" kabla ya "Ulifanya?" Aliyeshindwa kutenda huwa na mengi ya kueleza kuhusu lile la kwanza, na lile la pili linajijibu humo humo.

Mahali pia pana maana. Meza kubwa kati yenu inamkumbusha nani bosi. Kaeni pembeni, viti viangaliane kwa mshazari. Kama ninyi ni mwanamke na mwanamume, pateni mahali ambapo watu wanawaona lakini hawawasikii. Faragha inayozusha maneno tawini haimsaidii yeyote. Simu zote mbili ziwe kimya, na yako ifudikizwe kwanza. Sauti za WhatsApp zinafaa kukumbushana ahadi. Kwa mazungumzo yenyewe hazifai, kwa sababu ukimya hausikiki humo.

Lipo jambo ambalo idara nyingi husahau kuwaambia viongozi: kuna nyakati ambapo ukocha ni kosa. Afisa mgeni wa wiki mbili hajui fomu ya mkopo inavyojazwa. Mfundishe, usimuulize anaionaje. Utaratibu wa kushika fedha taslimu hauna "njia zilizopo", una utaratibu. Anayechelewa kazini mara ya nne baada ya maonyo anahitaji mazungumzo ya nidhamu yaitwe kwa jina lake. Mtu anayekuambia hali chakula, hapati usingizi, au haoni faida ya kuishi, mfikishe kwa mshauri nasaha au hospitali siku hiyo hiyo, umsindikize kama unaweza. Na lenye kuumiza kimya kimya kuliko yote: umeshaamua, halafu unamwita mtu umuulize "wewe unaonaje?" Atagundua. Kuanzia siku hiyo kila swali lako, hata la kweli, atalipima kama mtego. Kama uamuzi umeshatoka, mwambie umetoka, kisha mpe ukocha katika utekelezaji wake: "Kikundi kinahamia kwako, hilo limeamuliwa. Ungependa kuanzaje nacho?"

Na wale wanaokuja kila siku mlangoni kwako? Huhitaji dakika arobaini. Mtu akiingia na "bosi, wamenisumbua tena", mpe pole yake, ni haki yake, kisha swali moja kabla ya ushauri wowote: "Mpaka sasa umeshafikiria nini?" Wiki za mwanzo watasema hawajafikiria. Waambie kwa upole wakafikirie mpaka saa nane, warudi. Wiki ya tatu au ya nne utaona wanaingia na wazo tayari, wakitaka tu kulipima. Hapo ndipo utajua mzigo umeanza kubaki kwa mwenyewe. Atakayekuambia "wewe ndiye bosi, niambie tu nifanye nini" si mvivu lazima. Pengine bosi wake wa zamani alimwadhibu kwa kufikiri. Mwambie wazi kwamba akijaribu wazo lake na likashindwa, hatagombezwa, na siku litakaposhindwa, usimgombeze.

Amebaki mzee wako, yule aliyekuzidi miaka kumi na tano. Endelea na shikamoo, na umwite kama unavyomwita siku zote. Ukocha hauhitaji kumshusha. Kwa kweli yeye ndiye rahisi kuliko wote kama utaanza vizuri, kwa sababu ukocha hauhitaji ujue kumzidi, na wewe humzidi. Anayeshindwa ni kijana anayejifanya mshauri wa mtu aliyekwenda vikundini kabla yeye hajamaliza shule. Muombe ruhusa, usimtangazie: "Mzee, kazi imenitaka nikae na kila mmoja wetu mara moja kwa mwezi. Kwako ningependa nikuulize tu, na wewe unieleze unavyoona. Je, ni sawa?" Uchaguzi wa siku na mahali mwachie yeye. Tegemea visa virefu. Wakubwa wengi hujibu swali kwa kisa, na jibu limo humo ndani, mara nyingi karibu na mwisho. Usimkatize. Kikiisha, chukua neno lake moja na ulirudishe kwake: "Umesema kwamba vikundi vya zamani 'vilikuwa na aibu'. Hiyo aibu, kwenye vikundi vyako vya sasa unaionaje?" Na kama kuna kosa lake ambalo lazima uliseme, ukumbi wa ukocha si mahali pake. Mtafute siku nyingine, peke yenu, ulitaje moja kwa moja kwa heshima, ili akija kwenye dakika zake arobaini za mwezi unaofuata asikae akisubiri pigo.